Howie Morenz: Gwiji wa barafuni aliyerejea nyumbani na kukutana na mauti

USIKU wa Januari 28, 1937, mchezaji mmoja mwenye umri wa miaka 34 aliteleza kwa kasi kuelekea nyuma ya lango la wapinzani katika ukumbi wa Forum, jijini Montreal, Canada. Nyuma yake, beki wa Chicago Black Hawks, Earl Seibert, alikuwa akimfuata unyounyo.

Kufumba na kufumbua, mchezaji huyo alianguka na makali ya chuma ya kiatu chake yakanasa katika ukuta wa mbao unaozunguka uwanja. Seibert, aliyekuwa na mwili mkubwa zaidi, akamwangukia. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pane, na ukumbi uliokuwa ukirindima kwa shangwe ukanyamaza.

Aliyebebwa kwa machela usiku huo alikuwa Howie Morenz, nyota wa Montreal Canadiens na mchezaji aliyependwa kuliko wote nchini mwake katika enzi zake. Hakucheza tena. Wiki sita baadaye, alikuwa maiti.

Kwa wasomaji waliozoea mpira wa magongo unaochezwa nyasini, yafaa kueleza kuwa hoki ya barafuni ni mchezo wa namna nyingine. Wachezaji sita wa kila upande, akiwemo kipa, huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kuteleza juu ya barafu huku wakipiga kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Kugongana mabega si kosa bali ni sehemu ya mchezo. Anayesifiwa zaidi ni yule mwenye mbio na wepesi wa kuwakwepa wanaotaka kumwangusha, na katika hayo Morenz hakuwa na mfano.

Alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji mdogo wa Mitchell, mkoani Ontario, kitinda mimba katika familia yenye asili ya Ujerumani. Kama watoto wengi wa huko, alijifunza kuteleza juu ya mito iliyoganda wakati wa majira ya baridi. Akiwa kijana, familia yake ilihamia mji jirani wa Stratford, na huko akaanza kazi ya uanagenzi katika karakana ya reli.

Hakuwa na haraka ya kuondoka. Alikuwa na kazi, alikuwa na wazazi karibu, na alichezea timu za mtaani kwa ridhaa. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1922 alisafiri na timu ya wafanyakazi wa reli kwenda Montreal, na huko akafunga mabao tisa katika mchuano mmoja. Habari hizo zilimfikia Léo Dandurand, mmoja wa wamiliki wa Canadiens, na tangu siku hiyo hakumwachilia.

Mwaka wa 1923 Morenz alitia saini kandarasi ya dola 2,500 kwa msimu. Muda si muda, majuto yakamwingia. Watu wa Stratford hawakutaka aende, naye mwenyewe aliogopa kwamba hakuwa na uwezo wa kushindana na wachezaji wa kulipwa. Aliirejesha kandarasi pamoja na hundi aliyopewa, akiomba asamehewe.

Dandurand alikataa katakata. Alimwita Montreal na kumweleza kwamba asipocheza Canadiens hatacheza kwingineko kwa malipo. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alitokwa na machozi mbele ya tajiri wake mpya. Hatimaye akakubali, na mnamo Desemba 15, 1923 akacheza mchuano wake wa kwanza katika ligi kuu ya NHL.

Wasiwasi wake haukuwa na msingi. Msimu huo huo wa kwanza, Canadiens walitwaa Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote katika mchezo huo. Morenz alikuwa na umri wa miaka 21.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Akishirikiana na Aurèle Joliat, mchezaji mwenye kimo kifupi aliyezoea kucheza akiwa na kofia nyeusi kichwani, Morenz aliwatesa mabeki wa kila timu. Katika msimu wa 1927-28 alifunga mabao 33 katika michuano 43 na kuongoza ligi nzima. Msimu wa 1929-30, baada ya sheria kubadilishwa ili kuruhusu pasi za mbele katika kila sehemu ya uwanja, alicheka na nyavu mara 40 katika michuano 44.

Mwaka wa 1930 Canadiens waliwashangaza Boston Bruins, timu iliyokuwa imepoteza michuano mitano tu msimu mzima, na kuwanyang'anya kombe. Mwaka wa 1931 wakalitetea dhidi ya Chicago. Morenz mwenyewe alituzwa Tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye manufaa zaidi kwa timu yake, mara tatu: 1928, 1931 na 1932.

Lakini takwimu hazielezi yote. Montreal ulikuwa mji wa lugha mbili na mioyo miwili. Wazungumzaji wa Kiingereza walikuwa na timu yao ya Maroons, nao wa Kifaransa walikuwa na Canadiens. Morenz hakuwa Mfaransa wala Mwingereza, bali mwana wa ukoo wa Kijerumani kutoka Ontario. Hata hivyo, Wafaransa wa Montreal walimkumbatia kama mtoto wao wa kumzaa. Naye aliwarudishia mapenzi hayo kwa jasho lake.

Alikuwa mtu mchangamfu, mpenda muziki na mavazi nadhifu. Lakini kila timu iliposhindwa, furaha yote ilimtoka. Hakujua kuuacha mchezo uwanjani na kwenda zake nyumbani. Mchezo ulikuwa ndio yeye, na yeye alikuwa ndio mchezo.

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Baada ya mwaka wa 1932, kasi ilianza kupungua. Majeraha yaliongezeka, na katika msimu wa 1933-34 alifunga mabao manane pekee. Wale wale waliokuwa wakimwimbia sifa ukumbini Forum wakaanza kumzomea. Kwa mtu aliyeishi kwa ajili ya shangwe za ukumbi huo, adhabu hiyo ilimuumiza kuliko gongo lolote.

Oktoba 1934 aliuzwa kwa Chicago Black Hawks. Januari 1936 Chicago nao wakampeleka New York Rangers, ambako alifunga mabao mawili tu. Wengi waliamini jua lake lilikuwa limekuchwa.

Huko nyuma, Canadiens nao walikuwa taabani. Mtikisiko wa uchumi wa miaka hiyo ulikuwa umetafuna mapato ya timu, na mwaka wa 1935 Dandurand na mwenzake waliiuza. Msimu wa 1935-36 ulikuwa wa aibu tupu: Canadiens walishinda michuano 11 pekee kati ya 48 na kumaliza wakiwa mkiani mwa ligi nzima.

Wamiliki wapya walimwendea Cecil Hart, kocha aliyewapa vikombe vya 1930 na 1931, na ambaye babake ndiye aliyetoa ile tuzo ya Hart. Hart alikubali kurudi, lakini kwa sharti moja: Morenz naye arudishwe.

Hivyo ndivyo ulivyoanza msimu wa 1936-37, msimu ambao Montreal haujausahau. Morenz alirejeshewa jezi yake nambari 7, akawekwa tena kati ya Joliat na Johnny Gagnon, wenzake wa siku za ushindi. Timu ilimpata pia beki shupavu Babe Siebert, ambaye hakuwa na undugu na yule Seibert wa Chicago, na ambaye angetwaa Tuzo ya Hart mwishoni mwa msimu huo.

Ukumbi uliomzomea ulifurika tena. Morenz hakuwa tena yule kijana wa 1928, kwani katika michuano 30 alifunga mabao manne pekee. Lakini alitoa pasi 16 za mabao. Alikuwa amejifunza kutumia akili pale miguu ilipokataa, na timu iliyokuwa mkiani ikapanda hadi kupigania uongozi wa kundi lake.

Wahenga walisema kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Kwa Morenz mambo yalikwenda kinyume. Alirejea zizini kwanza, ndipo guu likavunjika.

Baada ya ajali ile ya Januari alilazwa katika hospitali ya Saint-Luc. Mwanzoni chumba chake kilijaa wageni, maua, na hata chupa za vileo. Marafiki walikuja kumchangamsha, naye aliwaahidi kwamba angerudi uwanjani. Lakini usiku ulipoingia na wageni kuondoka, alibaki na mguu uliofungwa na fikra zake. Aliuelewa ukweli kuliko waliomfariji.

Siku ziliposonga, afya yake ya akili ilizorota. Madaktari walilazimika kupunguza wageni, wakabaki jamaa na wachezaji wenzake. Machi 8, 1937, akiwa bado hospitalini, Morenz alifariki ghafla. Madonge ya damu yalikuwa yameziba njia ya damu moyoni.

Wapo waliosema, na wangali wanasema, kwamba alikufa kwa kuvunjika moyo. Maelezo ya kitabibu ni ya kawaida zaidi. Mtu aliyevunjika mguu na kulala kitandani kwa majuma mengi bila kusogea huwa katika hatari ya damu kuganda mishipani. Siku hizi wagonjwa huhimizwa kujongea mapema na hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Wakati ule, dawa hizo zilikuwa bado zikifanyiwa majaribio. Pengine hadithi zote mbili zina ukweli wake, kwani huzuni nayo ilimdhoofisha mgonjwa aliyekuwa tayari hatarini.

Usiku uliofuata, Canadiens walitakiwa kucheza dhidi ya Maroons. Mjane wake, Mary, aliyefunga naye ndoa mwaka wa 1926, alitaka mchuano uendelee. Uliendelea, baada ya wachezaji na mashabiki wa pande zote mbili kusimama kimya kumkumbuka.

Machi 11, jeneza liliwekwa katikati ya ukumbi wa Forum, pale pale alipokuwa akianzia mbio zake. Wachezaji wenzake walisimama kando yake kama walinzi. Maelfu kwa maelfu walipita kutoa heshima za mwisho, na wengine wengi walijipanga barabarani alipokuwa akipelekwa kuzikwa katika makaburi ya Mount Royal. Wafaransa na Waingereza, matajiri na wasio na ajira, walilia pamoja.

Na msimu je? Canadiens walijikaza kisabuni. Walimaliza wakiwa na ushindi 24, kushindwa 18 na sare sita, wakaongoza kundi la Canada. Kutoka mkiani hadi kileleni ilikuwa ni hatua ya mwaka mmoja. Katika nusu fainali walikutana na Detroit Red Wings. Walitoshana nguvu kwa kushinda michuano miwili kila mmoja, na ule wa tano ukaamuliwa katika kipindi cha tatu cha muda wa ziada. Detroit wakaponyoka na ushindi, kisha wakalitwaa kombe.

Morenz aliacha mjane na watoto watatu wadogo. Kandarasi za wakati huo hazikuwa na malipo ya uzeeni, wala mchezaji hakuwa na kinga ya kutosha anapoumia kazini. Novemba 1937, nyota wa timu mbalimbali walikusanyika Forum kucheza dhidi ya kikosi cha pamoja cha Canadiens na Maroons. Nyota hao walishinda 6-5, na zaidi ya dola 11,000 zikachangwa kwa ajili ya familia hiyo. Jioni hiyo hiyo jezi nambari 7 ilistaafishwa, ya kwanza katika historia ya Canadiens.

Mchuano huo ulikuwa wa pili wa aina yake. Wa kwanza ulikuwa umeandaliwa Toronto mwaka wa 1934 kumsaidia Ace Bailey, aliyenusurika kifo baada ya kuumizwa kichwa uwanjani. Mwaka wa 1939 ukafuata wa kuisaidia familia ya Babe Siebert, aliyekufa maji. Mpango wa pensheni ya wachezaji ulianza mwaka wa 1947, ukisaidiwa na mapato ya mchuano wa nyota wa kila mwaka. Desturi inayopendwa leo kama burudani ilizaliwa na bakuli la kuomba msaada kwa wajane na majeruhi.

Mwaka wa 1945 Morenz alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Magwiji wa Hoki. Mwaka wa 1950 wanahabari wa Canada walimchagua mchezaji bora wa nusu ya kwanza ya karne. Kwa jumla alifunga mabao 271 katika michuano 550.

Damu nayo haikukauka. Binti yake, Marlene, aliolewa na Bernie Geoffrion, nyota mwingine wa Canadiens aliyefunga mabao 50 katika msimu wa 1960-61. Timu ilipanga kuistaafisha jezi nambari 5 ya Geoffrion mnamo Machi 11, 2006, siku na mwezi ule ule aliofanyiwa mazishi Morenz. Geoffrion alifariki asubuhi ya siku hiyo hiyo. Jioni, bendera ya nambari 7 iliteremshwa nusu ili ipandishwe pamoja na ile ya nambari 5, mkwe na mkwewe wakaenda juu kwa pamoja.

Mwaka wa 2012 kitukuu wa Morenz, Blake Geoffrion, aliichezea Canadiens. Nambari 5 na nambari 7 zote mbili zilikuwa zimestaafishwa, hakuna angeweza kuzivaa. Kijana huyo akachagua nambari 57.