Elisha Gray na Kalamu Iliyosafiri kwa Waya

Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Nambale, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Mumias kuelekea Busia, asahihishapo insha za wanafunzi wake hafikirii sana alama anazozitia. Hukata kwa mstari mmoja neno lisilofaa, huchora kishale kidogo mahali palipoachwa neno, huzungushia duara tahajia iliyopotoka, na huunganisha kwa upinde kiambishi ambacho mwanafunzi amekitenga na mzizi wake. Haandiki hata neno moja, ilhali mwanafunzi huelewa yote. Alama hizo hizo, au zilizo jamaa zake wa karibu, ndizo zitumiwazo leo kusahihisha matini juu ya viwambo vya tarakilishi na simu zinazopokea kalamu: mkwaruzo juu ya neno hulifuta, duara hulichagua, na kibodi haiguswi kamwe. Mmoja wa waliosaidia kuifungua njia hiyo, kwa kuufanya umeme uchukue mwendo wa kalamu, ni Mmarekani ambaye aghalabu hukumbukwa kwa jambo jingine kabisa, yaani kushindwa kwake. Jina lake ni Elisha Gray.

Gray alizaliwa tarehe 2 Agosti 1835 huko Barnesville, jimbo la Ohio, katika familia ya wakulima wa dhehebu la Marafiki. Dhehebu hilo si geni magharibi mwa Kenya, kwani wamisionari wake kutoka Marekani walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Babake alifariki Elisha angali mdogo, na masomo yakakatika. Alijaribu uhunzi, lakini mwili wake haukuwa na nguvu za kutosha kwa nyundo na fuawe, akaugeukia useremala na uundaji wa mashua. Alikuwa ameshapita umri wa miaka ishirini alipojiunga na Chuo cha Oberlin. Huko alikaa miaka mitano, akijilipia karo kwa randa na msumeno, na mchana akisoma elimu ya umeme. Hakuhitimu. Hata hivyo, chuo hicho hicho kilimwita baadaye, mnamo 1880, awe mwalimu wa somo la umeme.

Mwaka 1867 alipata hataza yake ya kwanza, nayo hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee ya kukitumia kitu alichokivumbua. Ilihusu kifaa cha kurekebisha nguvu za umeme katika nyaya za telegrafu. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Enos Barton walianzisha karakana ya vifaa vya telegrafu mjini Cleveland. Karakana ile ilihamia Chicago, ikakua, na mwaka 1872 ikaitwa Western Electric. Msomaji na alihifadhi jina hilo, maana litarudi.

Ili kuielewa kazi kubwa ya Gray, yafaa kwanza kuelewa kile ambacho telegrafu haikuweza kukifanya. Telegrafu ilikuwa ajabu ya karne ile. Waya wake ulifika Zanzibar mwaka 1879 kwa njia ya kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Aden, na habari zilizokuwa zikingoja majahazi na majira ya kaskazi zikaanza kufika kwa saa. Lakini waya haukuchukua maandishi. Ulichukua mipigo mirefu na mifupi, na kila herufi ilikuwa na mpangilio wake wa mipigo. Aliyetaka kupeleka ujumbe alimkabidhi karani, karani akauvunja kuwa mipigo, na karani mwingine upande wa pili akaijenga upya kuwa herufi. Katika safari hiyo mkono wa mwandishi ulipotea. Ilipotea sahihi yake, ilipotea michoro yake, yalipotea hata maneno aliyoyakata alipobadili nia. Kwa Kiswahili hasara ilikuwa kubwa zaidi. Waswahili wa wakati huo waliandikiana kwa hati ya Kiarabu, hati waliyoizoea kwa karne kadhaa na waliyoitumia katika tenzi, barua na mikataba ya biashara, ilhali mipigo ya kebo ile ilipangwa kwa herufi za Kirumi. Barua ya Mswahili haikuweza kupita kwenye waya bila kwanza kuvuliwa nguo zake.

Gray hakuanza na tatizo hilo. Alianza na sauti. Mapema mwaka 1874 alimkuta mwana wa nduguye akicheza na vifaa vya umeme ndani ya hodhi la kuogea. Mtoto alikuwa ameshika waya mmoja, wa pili ukiwa umefungwa kwenye bati la hodhi, na kila aliposugua bati kwa mkono, hodhi lilitoa mlio uliofuata mlio wa kifaa chenyewe. Kutokana na mchezo huo Gray alibuni chombo cha kupeleka muziki kwa waya, na tarehe 29 Desemba mwaka huo akakionyesha hadharani katika kanisa moja la Highland Park, karibu na Chicago. Toka muziki hadi usemi palibaki hatua moja.

Hatua hiyo ndiyo iliyomponza. Tarehe 14 Februari 1876 wakili wa Gray alipeleka katika ofisi ya hataza mjini Washington ilani iliyoeleza namna ya kupitisha sauti ya mtu kwenye waya kwa kutumia kimiminiko. Siku iyo hiyo wakili wa Alexander Graham Bell alipeleka ombi kamili la hataza. Bell akapewa hataza tarehe 7 Machi, na siku tatu baadaye alifaulu kwa mara ya kwanza kupeleka maneno yaliyosikika vyema, naye alitumia kimiminiko. Ni karatasi ya nani iliyotangulia kuingia ofisini asubuhi ile? Swali hilo limeandikiwa vitabu vizima. Mkaguzi wa ofisi ile aliapa mwaka 1886 kwamba alikuwa amemwonyesha Bell ilani ya Gray, ila mkaguzi huyo huyo alikuwa ameshaapa kinyume chake hapo awali. Shahidi wa namna hiyo hafai upande wowote.

Ukweli ni kwamba Gray naye alijiponza. Waliomfadhili waliiona simu kama mchezo wa kuigiza usio na soko, wakamhimiza ashughulikie telegrafu iliyokuwa ikileta fedha, naye akawasikiliza. Mwaka 1877 alimwandikia Bell barua ya kiungwana ambamo hakujidai kuwa mvumbuzi wa simu, kwa kuwa wazo lake lilibaki kwenye karatasi. Barua hiyo ilikuja kutumiwa dhidi yake. Kesi za simu ziliendelea kwa miaka, hadi Machi 1888 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoithibitisha hataza ya Bell kwa kauli ya majaji wanne kati ya saba.

Mwaka huo huo wa 1888, tarehe 31 Julai, Gray alipata hataza ya telautografu. Wanahistoria wengi hukitaja chombo hiki kwa sentensi moja kisha huirudia kesi ya simu. Wanakosea. Simu ingekuwapo hata bila Gray, kwa kuwa watu kadhaa walikuwa wakiitafuta kwa wakati mmoja, lakini telautografu ilizaliwa na ukaidi wa mtu mmoja aliyetaka mwandishi apate ajiriwe na mkono wake mwenyewe, bila karani katikati.

Jina la chombo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mbali, mwenyewe na kuandika. Mwandishi alishika kalamu iliyofungwa nyuzi mbili za hariri, kila uzi ukienda kwenye gurudumu lake. Kalamu iliposogea, nyuzi zilivutwa au kulegezwa, magurudumu yakazunguka, na mzunguko wa kila gurudumu ukageuzwa kuwa mapigo ya umeme. Upande wa pili wa waya mapigo hayo yaliendesha vyombo vilivyoisogeza kalamu nyingine kwa kadiri ile ile. Kila nukta juu ya karatasi inaweza kuelezwa kwa vipimo viwili tu, na Gray aliupa kila uzi kipimo kimoja. Ilibaki tatizo la kuinua kalamu baina ya neno na neno, maana bila hilo maandishi yote yangekuwa mstari mmoja usiokatika. Alilitatua kwa kuweka ishara ya pekee ya umeme iliyotumwa mwandishi ainuapo mkono, nayo kalamu ya mbali ikainuka pia. Kanuni hizi mbili, yaani mahali ilipo kalamu na kama imegusa au imeinuka, ndizo msingi wa kila kiwambo cha kalamu hadi leo.

Katika maonyesho makuu ya Chicago ya mwaka 1893, yaliyopokea ziara zaidi ya milioni 27, watu walisimama kuitazama kalamu isiyoshikwa na mtu ikiandika na kuchora. Gray alikuwa pia mwenyekiti wa kongamano la kimataifa la wataalamu wa umeme lililofanyika mjini humo mwaka huo, heshima ambayo yamkini ilimpoza machungu kidogo. Telautografu iliingia katika mabenki, ambako sahihi ilihitajika kutoka mbali, kisha vituo vya reli, hoteli, na hata ngome za jeshi la Marekani zilizolinda pwani, ambako mlio wa mizinga ulizima sauti ya simu. Chombo hakikuuliza lugha wala hati. Kwacho, mstari wa hati ya Kiarabu pamoja na irabu zake zote ulikuwa sawa na mstari mwingine wowote.

Lakini kilikuwa na upofu wake. Mwandishi alipokata neno, kalamu ya mbali nayo ilikata neno, na mpokeaji akabaki na neno lililokatwa. Kishale cha kuongeza neno kilifika kikiwa kishale tu. Mashine ilibeba ishara ya kusahihisha kwa uaminifu mkubwa, ila haikujua kwamba ni ishara.

Gray hakutajirika kwa kazi hiyo. Aliandika vitabu vya kuwafafanulia watu wa kawaida elimu ya sayansi, na miaka yake ya mwisho aliitumia kubuni kengele za kupeleka ishara chini ya maji ili meli zisigonge miamba gizani. Alifariki ghafla tarehe 21 Januari 1901 huko Newtonville, jimbo la Massachusetts, katikati ya majaribio hayo. Siku hiyo Nambale, nchi ya Wakhayo, haikuwa bado sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Ilikuwa katika mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda, na ilihamishwa mwaka 1902. Reli ilikuwa haijafika Kisumu, ilifika Desemba 1901, na barua za eneo hilo zilisafiri kwa miguu ya matarishi.

Kazi ya kuifanya mashine ielewe mkono ilichukua zaidi ya nusu karne. Mwaka 1957 Tom Dimond alieleza chombo kiitwacho Stylator, kilichotambua tarakimu na herufi zilizoandikwa kwa kalamu ya umeme. Dimond alikuwa mtafiti wa maabara za Bell, na hapa ndipo jina lililohifadhiwa linaporudi: maabara hizo ziliundwa mwaka 1925 na kampuni ya simu ya Marekani pamoja na Western Electric, ile karakana ya Gray, ambayo kampuni ya Bell ilikuwa imeinunua tangu 1881. Mwaka 1964 shirika la RAND huko California lilitoa ubao wa kalamu, na juu yake ikajengwa programu iliyoitwa GRAIL, ambamo mkwaruzo wa kalamu ulifuta kilichokuwa chini yake. Mfumo wa PenPoint wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizipokea alama zenyewe za wasahihishaji: msalaba wa kufuta, kishale cha kuongeza.

Safari haikuwa nyoofu. Chombo cha Newton cha kampuni ya Apple, kilichotoka mwaka 1993, kilisoma vibaya mwandiko hadi kikawa kichekesho magazetini. Kile cha Palm cha mwaka 1996 kilifaulu sokoni kwa kuwataka watu wajifunze alfabeti mpya iliyorahisishwa kwa ajili ya mashine, jambo ambalo Gray angelishangaa, kwani ni kumrudisha karani wa telegrafu ndani ya kichwa cha mwandishi. Mwaka 2020 ndipo Apple ilipotia katika vibao vyake uwezo wa kufuta kwa mkwaruzo na kuchagua kwa duara.

Hata hivyo mashine nyingi zisomazo mwandiko husaidiwa na orodha ya maneno: zikishuku herufi, huangalia ni neno gani linalofanana nayo. Kiingereza hukubali utaratibu huo bila taabu. Kiswahili hakikubali kwa urahisi, maana kitenzi kama hawakutusahihishia kimebeba sentensi nzima, na hakuna orodha iwezayo kuwa na kila umbo linalozaliwa na mzizi mmoja na viambishi vyake. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuipa mashine kanuni za mofolojia badala ya orodha, na kazi hiyo ingali na nafasi tele. Kalamu ya Gray ingelichukua neno hilo lote hadi upande wa pili, herufi kwa herufi, pamoja na mstari wa mwalimu ulioukata mzizi wake.