Taswira ya Mwalimu Nyerere katika Filamu na Sanaa za Umma: Mtazamo kutoka Karatu na Ngorongoro

Msafiri atokaye Karatu na kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita kando ya kaburi la Michael Grzimek, aliyefariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 alipokuwa akipiga filamu ya wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard. Baba naye alizikwa hapo mwaka 1987. Filamu yao ilitoka mwaka huohuo wa 1959, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Oscar. Mwaka 1962 ikaonyeshwa Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, ambamo John Wayne anakimbiza vifaru kwa gari. Ulimwengu uliitazama nchi hii ikijikomboa pasipo vita, ukaona wanyama.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954 chini ya uongozi wake, na mwaka 1955 akaacha kazi ya kufundisha. Hata hivyo, jina la kazi ile lilibaki. Kisemantiki, "Mwalimu" lilikuwa nomino ya kawaida likageuka kuwa la mtu mmoja. "Baba wa Taifa" ni cheo cha hotuba na sherehe. "Mchonga", lililotokana na meno yake yaliyochongwa, lilikuwa la vijiweni, likitamkwa kwa utani na pengine kwa manung'uniko. Kwa hakika, majina haya matatu yamefanya kazi ambayo sinema haikuifanya.

Ni kawaida kumlinganisha na Gandhi, na mwaka 1995 India ilimpa Nyerere tuzo ya kwanza ya amani yenye jina la kiongozi huyo. Lakini filamu ya Richard Attenborough ya mwaka 1982 ilikuwa na maandamano ya chumvi na virungu vya askari. Filamu kuhusu mtu asiyetumia nguvu huhitaji nguvu za upande wa pili, na Tanganyika haikumpa mwongozaji yeyote damu ya kutosha. Kilele cha mapambano ya Nyerere kilikuwa mkutano. Huko Tabora, Januari 1958, wajumbe wa TANU walikabiliwa na uchaguzi ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni tusi, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Nyerere aliwashawishi washiriki, ingawa Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. Kama hesabu ile ingekosewa, huenda chama kingevunjika au vurugu zingezuka. Mwaka huohuo alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa. Hakuna mlango wa gereza wa kuonyesha.

Kinachoonyeshwa kila tarehe 9 Desemba ni picha ya mwaka 1961, amebebwa mabegani mwa watu akishangilia uhuru. Taswira nyingine zimetoka humo: sura kwenye noti ya shilingi 1,000, kwenye khanga na fulana, na nyimbo za maombolezo zilizojaa redioni baada ya kifo chake, tarehe 14 Oktoba 1999. Zote ni taswira za mtu mtulivu. Mtu huyohuyo aliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika ardhi ya kufanyia mafunzo ya silaha, na mwaka 1978 na 1979 aliongoza vita dhidi ya Idi Amin. Kwake njia ya amani ilikuwa ni uamuzi uliopimwa kwa mazingira ya Tanganyika, na khanga haina nafasi ya kueleza hilo.

Aidha, haina nafasi ya kueleza mambo ya Ngorongoro. Wamaasai walioondolewa Serengeti chini ya serikali ya kikoloni waliahidiwa makazi katika hifadhi iliyoundwa mwaka 1959. Mwaka 1974, katika kipindi cha operesheni za vijiji na Nyerere akiwa rais, familia zilizoishi ndani ya kreta zilitolewa kwa nguvu, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima. Picha yake rasmi ingali imetundikwa katika ofisi za umma za Karatu na Ngorongoro, kando ya ile ya rais aliye madarakani.