Marie Curie: Kutoka chai na mkate wa Paris hadi mawe ya Katanga

BUJUMBURA – Asiatique ni mtaa ambao wakoloni wa Kibelgiji waliwatengea wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na hapo tangawizi, iliki na mdalasini ni ndugu wa majani ya chai. Majani yenyewe hutoka milimani, Teza na Rwegura, kando ya msitu wa Kibira, na sehemu kubwa ya chai ya Burundi huishia kwenye mnada wa Mombasa. Kuitia chai ya rangi harufu ya kitu kingine, kwa hiyo, si habari kwa mtu wa ukanda huu.

Wazungu nao wana yao. Ile iitwayo Earl Grey, iliyotiwa mafuta ya bagamoti, tunda la jamii ya limau, ilipewa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1830. Siku hizi wapo wachanganyaji wa chai wanaowaacha mawaziri na kuchukua majina ya wanawake waliotangulia katika sayansi. Jina la Marie Curie ni mojawapo, na kwake chai si jambo la kubandikwa tu. Kuna kipindi aliishi kwa chai na mkate. Kuna pia jambo jingine ambalo pakiti ya chai haliwezi kulisema: sehemu ya radiamu aliyoipata baadaye ilichimbwa huku kwetu, Katanga.

Alizaliwa Warsaw Novemba 7, 1867, akaitwa Maria Sklodowska. Poland wakati huo haikuwa nchi kwenye ramani. Warsaw ilitawaliwa na Urusi na shule zililazimishwa kufundisha kwa Kirusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, mama yake mkuu wa shule ya wasichana. Mama alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka kumi. Alimaliza sekondari mwaka 1883 kwa medali ya dhahabu, halafu akakuta mlango umefungwa: Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake.

Yeye na dada yake Bronia wakapatana. Bronia angetangulia Paris kusomea udaktari, Maria angebaki kufanya kazi na kumtumia fedha, kisha zamu ingegeuka. Ni mpango ambao familia nyingi za Afrika Mashariki zitautambua mara moja, maana ndivyo wengi wetu tulivyosomeshwa. Maria akaenda shamba, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya tajiri. Jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma Kipolandi, kosa ambalo lingeweza kumponza mbele ya watawala. Kijana mkubwa wa nyumba hiyo alimpenda, naye akampenda, lakini wazazi wa kijana hawakukubali mwana wao aoe mwalimu asiye na mali. Aliendelea na kazi katika nyumba hiyohiyo, kwa sababu Bronia alikuwa bado anasoma.

Zamu yake ilifika Novemba 1891, akiwa na umri wa miaka 24. Baada ya muda mfupi kwa dada yake, alihamia chumba cha darini karibu na Sorbonne. Wakati wa baridi alijifunika nguo zote alizokuwa nazo. Kwa majuma mazima chakula chake kilikuwa mkate wenye siagi na chai, na kuna siku alizimia kwa njaa. Mwaka 1893 alishika nafasi ya kwanza katika shahada ya fizikia. Mwaka uliofuata alishika ya pili katika hesabu.

Julai 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanafizikia. Alichagua gauni la buluu iliyokoza ambalo baadaye aliweza kulivaa maabara. Mwaka uliofuata Henri Becquerel aligundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe, bila kuchomwa na jua wala umeme. Marie aliishika mada hiyo kwa ajili ya shahada yake ya udaktari. Alipopima mawe meusi ya urani kutoka Bohemia, aliona mionzi yake inazidi ile ya urani tupu. Basi ndani ya jiwe lazima kulikuwa na kitu kingine. Julai 1898 yeye na Pierre walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya nchi isiyokuwepo kwenye ramani. Desemba mwaka huohuo wakatangaza ya pili, radiamu.

Kutangaza kulikuwa rahisi kuliko kuionyesha. Walipewa banda lenye paa linalovuja, na humo Marie alichemsha mabaki ya mawe kwa vyungu, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Mwaka 1902, baada ya tani za mabaki kupita mikononi mwake, alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Usiku ilitoa mwanga hafifu, na mume na mke walikwenda bandani kuiangalia gizani. Vidole vyao vilikuwa vimeshaanza kuchubuka.

Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1903 ilikusudiwa kwanza kwa Pierre na Becquerel peke yao. Mwanahisabati mmoja wa Sweden alimdokeza Pierre, Pierre akapinga, na jina la Marie likaingizwa. Akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo. Wawili hao waliamua kutochukua hataza ya njia ya kusafisha radiamu. Yeyote aliyetaka kuitengeneza na kuiuza alipewa maelezo bure. Uamuzi huo utarudi baadaye katika habari hii.

Aprili 19, 1906, Pierre aligongwa na gari la farasi mtaani Paris akafa papo hapo. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène wa miaka minane na Ève wa mwaka mmoja na miezi. Chuo kilimkabidhi darasa la mumewe, na Novemba aliingia ukumbini akaanza somo pale pale Pierre alipolikomea. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne.

Mwaka 1911 ulikuwa mchungu. Januari Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkataa kwa kura chache. Novemba magazeti yalichapisha habari za uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, aliyekuwa na mke, na watu wakakusanyika nje ya nyumba yake wakimtukana mgeni. Langevin hakufanyiwa hivyo. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba amepata Nobel ya pili, ya kemia. Alishauriwa asiende Stockholm kuipokea, naye akaenda.

Vita ilipoanza 1914 aliandaa magari yenye mitambo ya eksirei, akajifunza kuendesha, akaenda nayo karibu na mstari wa mbele pamoja na Irène. Askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha kwa mitambo ya magari hayo na ya vituo alivyovisimamia.

Baada ya vita, mwanamke aliyeigundua radiamu alikuwa na gramu moja tu ya kufanyia utafiti, na hakuwa na uwezo wa kununua nyingine. Viwanda vilivyotumia njia aliyoitoa bure viliuza gramu kwa takriban dola 100,000. Wanawake wa Marekani walichangishana, na Mei 1921 Rais Warren Harding alimkabidhi zawadi hiyo Ikulu ya Washington. Usiku wa kuamkia siku hiyo Marie aliomba hati ibadilishwe ili mali iwe ya maabara, isije ikarithiwa kama mali ya familia.

Hapa ndipo njia inapopinda kuja kwetu. Mwaka 1915 huko Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, kuligunduliwa urani tajiri kupita kiasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuichimba mwaka 1921, na mwaka uliofuata kiwanda chake cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiamu. Bei ya dunia ikaporomoka, na kampuni ikalishika soko.

Marie alikuwa na ndoto ya taasisi ya radiamu nyumbani kwao Warsaw. Mwaka 1929 alirudi Marekani, na safari hii alikabidhiwa hundi ya dola 50,000. Zilitosha kwa gramu nzima, maana Katanga ilikuwa imeshusha bei kwa nusu, na gramu hiyo ilinunuliwa Ubelgiji. Taasisi ya Warsaw ilifunguliwa Mei 1932. Wagonjwa wa saratani wa Poland walitibiwa kwa kitu kilichotoka chini ya ardhi ya Kongo.

Simulizi za maisha yake mara nyingi huishia Bohemia. Wachimbaji wa Katanga hawamo. Ni vibarua ambao katika miaka hiyo ya 1920 kampuni iliwatafuta mbali, hata huku Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kambini. Sisemi Marie aliwaficha. Alinunua kwa aliyekuwa anauza. Lakini sasa Burundi na Kongo zimo katika jumuiya moja, na habari hii si ya Paris na Warsaw peke yake.

Alifariki Julai 4, 1934, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishika kwa mikono mitupu miaka zaidi ya 30. Madaftari yake bado yanatoa mionzi, na huhifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi. Mwaka 1995 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, wa kwanza kwa mwanamke kuzikwa humo kwa kazi yake mwenyewe.

Shinkolobwe iliendelea bila yeye. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima la 1945 ilitoka humo. Mashimo yalizibwa wakati wa uhuru, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti na shaba. Januari 2004 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku uchimbaji huo. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka, ikaua watu wasiopungua wanane waliokuwa wakichimba chini.