Nyerere: Mwalimu aliyepima Kiingereza kwa mizani ya Kiswahili

MTOTO anayekulia Balangdalalu, wilayani Hanang katika Mkoa wa Manyara, hulazimika kupanda ngazi tatu za lugha kabla hajafika mbali shuleni. Nyumbani husikia Kibarbaig au Kiiraqw. Darasa la kwanza humpokea kwa Kiswahili. Akifaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na kuingia kidato cha kwanza, hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na kila ukurasa una maneno asiyowahi kuyasikia sokoni, kanisani wala malishoni.

Ngazi hizo hizo tatu alizipanda mtu ambaye Watanzania wengi humkumbuka kama msemaji hodari wa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Namna alivyozipanda, na namna alivyoamua baadaye juu ya watoto waliomfuata nyuma, ni sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana.

Kambarage alizaliwa Butiama, Aprili 13, 1922, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Hadi anaanza shule alijua lugha moja tu, Kizanaki. Alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Alikipata upesi, naye alifanya vizuri kiasi cha kupata nafasi katika Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937.

Hapana budi kusema hapa kwamba Mzanaki ana nafuu ambayo Mbarbaig hana. Kizanaki ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, nazo hugawana ngeli na maneno mengi. Kibarbaig ni tawi la Kidatooga, lugha ya Kinailoti. Kiiraqw ni Kikushi. Kwa hiyo mtoto wa Balangdalalu anaponyanyua mguu kwenda ngazi ya pili, hunyanyua juu zaidi kuliko alivyonyanyua Kambarage.

Tabora ndiko Kiingereza kilikoanza kumkolea. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana wachache waliochaguliwa kutoka pande zote za Tanganyika, ikiongozwa kwa desturi za shule za Uingereza, pamoja na walimu ambao Kiingereza kilikuwa lugha ya mama zao. Kijana wa Butiama alisoma sana vitabu na akapenda midahalo. Katika mdahalo neno halikaririwi tu. Mpinzani husimama na kuuliza maana yake, na asiyeijua hushindwa mbele ya wenzake.

Mwaka 1943 alibatizwa kwa jina la Julius, na mwaka huo huo akajiunga na Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Huko alikutana na maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyetetea haki za wanawake. Wanafunzi wengi wangeishia kuyanakili mawazo yale kwa Kiingereza kile kile ili kumpendeza mwalimu. Nyerere alifanya jambo gumu zaidi. Aliandika insha ndefu kwa Kiswahili juu ya uhuru wa wanawake, akilinganisha hoja za Mill na hali ya akina mama aliowaona kwao. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa baada ya kifo chake.

Tabia hiyo ya kuchukua neno la kigeni, kulipasua, kisha kutafuta nyumbani kitu chenye uzito ule ule, haikumtoka tena.

Baada ya kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Scotland mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Alirudi akafundisha Pugu, nje ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa naye akiwa rais wake. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York akaeleza madai ya Tanganyika kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila mkalimani. Muda mfupi baadaye aliacha kazi ya ualimu.

Kiingereza hicho kilimponza pia. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama, ikiwalaumu wakuu wa wilaya wa kikoloni. Mahakama ilimtia hatiani na kumpa faini ya Sh 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Mwalimu wa lugha alikuwa amefundishwa, kwa gharama, kwamba kivumishi kimoja kinaweza kumfikisha mtu kizimbani.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais wa Jamhuri. Katikati ya shughuli hizo nzito ndipo alipokamilisha kazi iliyowashangaza wengi. Mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, ilichapishwa na Oxford.

Kiingereza cha Shakespeare ni cha zaidi ya miaka 400 iliyopita, nacho huwatoa jasho hata Waingereza wenyewe. Ugumu wake hauko katika maneno yaliyokufa tu. Maneno hatari zaidi ni yale ambayo bado yako hai lakini yamebadilika maana. Neno ambition ni mfano mzuri. Leo kijana anayeomba kazi ofisini hulitaja kwa fahari, akimaanisha kwamba ana malengo makubwa. Katika tamthiliya ile ni tuhuma ya kifo: Kaizari anauawa kwa sababu inadaiwa alikuwa nayo. Mwanafunzi anayefungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza anayoiona hataelewa kwa nini mtu achomwe visu kwa kuwa na malengo. Kiswahili kina tamaa, kina uchu wa madaraka, kina kutaka makuu, na kila moja lina harufu yake. Mfasiri hawezi kuyachukua yote matatu. Lazima achague, na akishachagua amekwisha kumhukumu Kaizari.

Palikuwapo pia tatizo la umbo. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthiliya hiyo kwa mashairi yenye mapigo maalumu lakini yasiyo na vina. Mshairi wa Kiswahili wa zama zile alilelewa katika vina na mizani, na shairi lisilo na vina lilionekana kwake kama nyumba isiyo na paa. Nyerere aliacha vina akafuata mwendo wa Shakespeare. Hilo lilihitaji ujasiri miaka ya 1960, kabla mabishano makali juu ya mashairi huru hayajapamba moto.

Katika utangulizi wake alieleza imani yake kwamba Kiswahili ni lugha tamu na pana, lakini utamu na upana huo hauongezeki kwa kusifiwa. Huongezeka kwa kutumiwa katika kazi mpya. Ndiyo maana hakuridhika na toleo la kwanza. Alilirudia, akalisahihisha, na mwaka 1969 likatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina la mhusika lilikuwa limekubali matamshi ya Kiswahili. Rais wa nchi kurudia kazi yake iliyokwisha kuchapishwa, mstari kwa mstari, si jambo linaloonekana kila siku.

Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, na humo mna neno lililozungumzwa kuliko yote aliyowahi kuyachagua. Tamthiliya yenyewe kwa Kiingereza humtaja merchant mmoja wa Venice. Mfanyabiashara lilikuwapo, tajiri lilikuwapo. Yeye aliandika Mabepari wa Venisi, tena kwa wingi.

Bepari ni neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na maana yake ya zamani ni mchuuzi mkubwa tu, bila ubaya wowote. Kwa maana hiyo tafsiri ilikuwa sahihi. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili nyuma, mwaka 1967, na tangu siku hiyo bepari hakuwa tena mchuuzi. Alikuwa adui wa Ujamaa. Msomaji wa Dar es Salaam aliyeshika kitabu kile alisoma maana zote mbili kwa pamoja. Wapo wahakiki walioona kwamba siasa ilimwingilia Shakespeare. Hoja yao ina nguvu, maana mtu anayedai fidia ya ratili ya nyama mwilini mwa mwenzake ndiye anayelaumiwa katika tamthiliya, ilhali merchant mwenyewe ni mdeni anayehurumiwa. Kwa wingi ule mmoja, Nyerere aliwatia wote katika kapu moja.

Wakati akifanya hayo, serikali yake ilikuwa ikikijengea Kiswahili nyumba. Mwaka 1967 kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria mwaka huo huo. Ilitazamiwa kwamba sekondari zingefuata.

Hazikufuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kuwa mabadiliko hayo hayatafanyika. Nyerere mwenyewe aliutetea uamuzi huo. Alikiona Kiingereza kuwa kwa dunia ni kile ambacho Kiswahili ni kwa Watanzania, na alihofu kwamba kikibaki somo la kawaida tu, nchi ingekipoteza.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini dawa yake ilikuwa imepitwa na wakati. Kiingereza cha Nyerere kilipikwa Tabora, katika bweni la wavulana wachache, pamoja na walimu wenye lugha yao. Sekondari za miaka ya 1980 hazikuwa na hayo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kusoma vitabu walivyopewa. Walinakili ubaoni, wakakariri maneno makubwa, wakayaandika katika mtihani bila kujua yanabeba nini.

Huko Hanang, neno moja la Kiingereza lilikuwa karibu kuwagharimu watu wazima kuliko mtihani wowote.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu chini ya shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO. Mashamba hayo yalifikia ekari zipatazo 100,000, nayo yalilala juu ya malisho bora ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kudai ardhi yao, wakashinda mwaka 1984. NAFCO ikakata rufaa.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya kikoloni, ya mwaka 1923, na ilimlinda mtu anayetumia ardhi kwa mila iwapo tu ni native. Mahakama ya Rufani mwaka 1985 iliona kwamba Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa ni chombo kilichoundwa kwa sheria, haiwezi kuwa native, na kwamba wanakijiji wenyewe hawakuwa wamethibitisha mahakamani kuwa ni natives kwa maana ya sheria. Ushindi wao ukafutwa. Mfugaji ambaye kwao si kwingine ila pale alitakiwa kuleta ushahidi kwamba yeye ni mtu wa pale, katika neno ambalo halikuwamo katika lugha yake wala katika Kiswahili chake. Ni mwenyeji? Ni mzawa? Ni Mwafrika? Hakuna kati ya hayo linaloijaza nafasi yake sawasawa.

Sheria ile hakuitunga Nyerere, na hukumu ilikuwa ya majaji. Lakini shirika lilikuwa la serikali yake, na miaka 24 ya Uhuru ilikuwa imepita bila neno hilo kuondolewa vitabuni. Mtu aliyekesha na maneno ya Shakespeare aliyaacha ya mkoloni yaendelee kufanya kazi. Novemba mwaka huo huo wa 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake.

Butiama alirudi katika tafsiri. Safari hii alichukua Injili akazitia katika tenzi za Kiswahili, zenye vina na mizani kamili, umbo lile lile alilokuwa ameliacha kwa ajili ya Shakespeare. Utenzi wa Enjili ulichapishwa Peramiho mwaka 1996.

Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London, akazikwa Butiama Oktoba 23. Miezi michache kabla ya hapo Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoifuta ile ya mwaka 1923. Zilianza kutumika Mei 1, 2001. Nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021.