Eugène Houdry: Luteni wa Vifaru Aliyeusafisha Moshi wa Magari

Dereva yeyote wa jeshi huitambua kwa mbali sauti ya gari lililokatwa ekzosi. Vijana wenye magari ya mbio huipenda sana sauti hiyo. Hupeleka magari yao gereji, wakakiondoa kile kifaa kilichofungwa kati ya injini na sailensa, ambacho mafundi wengi hukiita masega, wakaunga bomba tupu mahali pake, kisha wakatoka wakiamini kwamba wameongeza nguvu. Polisi nao wanakijua kifaa hicho kwa sababu nyingine: katika nchi nyingi wezi hujipenyeza chini ya magari usiku na kukikata, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani ya platini, paladi na rodi. Tunavyodhani, ni wachache wanaojua kwamba mmoja wa watu waliokifanyia kazi kubwa kuliko wote alikuwa askari wa vifaru, tena mpenzi wa mbio za magari. Huyo ni hayati Eugène Houdry, ambaye maisha yake tunawasimulia wasomaji wetu leo.

Houdry alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 huko Domont, karibu na jiji la Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vyuma vya ujenzi. Kijana alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1911 akiwa wa kwanza katika darasa lake, na papo hapo alikuwa nahodha wa timu ya kandanda ya chuo. Aliingia katika kazi ya baba yake, lakini hakukaa sana. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, aliitwa jeshini.

Vifaru vya Ufaransa wakati ule vilikuwa chini ya jeshi la mizinga, na Luteni Houdry alikuwa miongoni mwa maofisa waliovipeleka vitani kwa mara ya kwanza. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 16 Aprili 1917, karibu na kijiji cha Juvincourt. Vifaru zaidi ya 120 vya aina ya Schneider vilisonga mbele mchana kweupe, navyo vilikuwa vizito, vyenye mwendo wa pole, na petroli yake ilihifadhiwa mahali palipofikiwa kwa urahisi na mizinga ya adui. Vingi viliteketea pamoja na askari waliokuwa ndani. Houdry alijeruhiwa vibaya. Alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Vita kwa kuongoza kazi ya kuvitengeneza vifaru vilivyoharibika huku makombora yakimwangukia. Tunaitaja habari hii kwa makusudi, kwa maana si mara nyingi nishani ya ushujaa humfikia mtu aliyeshika spana.

Amani iliporudi, akarudi kwa baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari ya mbio. Alikuwa na gari la Bugatti, akaliendesha kwa bidii ya mtu aliyekwisha kuonja kifo. Mwaka 1922 alisafiri hadi Marekani, akakitembelea kiwanda cha Ford mjini Detroit na kuyatazama mashindano ya Indianapolis. Huko aliona jambo ambalo mafundi wengi waliliona nusu tu, yaani kwamba injini ilikuwa imekwisha kuitangulia petroli. Mtu akitaka nguvu zaidi, huongeza mgandamizo ndani ya silinda. Lakini petroli dhaifu ikigandamizwa mno hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga na pistoni zikaharibika. Wenzake walichonga vyuma. Yeye aliamua kuibadili petroli yenyewe.

Alianza vibaya. Kwa miaka kadhaa alijaribu kutengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe ya kahawia, kwa kuwa Ufaransa haikuwa na visima vya mafuta vya kutosha. Kiwanda cha majaribio kilijengwa, mwaka 1929 kikawa kinasaga tani 60 za makaa kwa siku, lakini gharama zilishinda faida na serikali ikaacha kukisaidia. Hata hivyo jasho lile halikumwagika bure. Katika kujaribu mamia ya vichocheo (yaani vitu vinavyoharakisha badiliko la kikemia bila vyenyewe kumalizika) aligundua kwamba udongo wenye silika na alumina huweza kuyavunja mafuta mazito yakawa petroli bora. Kwa kipimo hakutegemea chupa za maabara peke yake: aliitia petroli yake katika Bugatti na kuipandisha mlima.

Tatizo lilikuwa masizi. Udongo ule ulifunikwa na kaboni kwa muda mfupi, ukashindwa kufanya kazi. Waliomtangulia waliutupa. Houdry aliichoma ile kaboni kwa hewa palepale ndani ya chombo, udongo ukawa kama mpya. Kisha akapanga vyombo kwa zamu, kimoja kikifanya kazi na kingine kikisafishwa, kama walinzi wanaobadilishana lindo. Mwaka 1930 alihamia Marekani, na mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil ikafungua mtambo mkubwa wa njia hiyo huko Marcus Hook, Pennsylvania. Vita ya Pili ilipokuja, petroli iliyotokana na njia ya Houdry ilirusha ndege nyingi za Mataifa Yaliyoungana. Yeye mwenyewe aliongoza huko Marekani chama cha Wafaransa waliomwunga mkono Jenerali de Gaulle, na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ikamnyang'anya uraia wake. Mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Baada ya vita, angeweza kustarehe. Lakini aliposoma taarifa za moshi uliokuwa ukiwafumba macho wakazi wa Los Angeles, alijua kwamba sehemu kubwa ya moshi ule ulitoka katika magari, ambayo yeye alikuwa ameyapa petroli ya kukimbilia. Karibu na mwaka 1950 alianzisha kampuni iliyoitwa Oxy-Catalyst. Fikra yake ilikuwa ileile ya zamani, ikapelekwa upande wa pili wa injini: kichocheo kiwekwe ndani ya ekzosi, ili gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu na ambayo huua mtu ndani ya gereji iliyofungwa, iungane na hewa na kugeuka gesi isiyo na sumu kali kama hiyo, na petroli isiyoungua imalizike kuungua humo. Mwaka 1956 alipewa hataza ya kifaa hicho.

Kikafanya kazi katika magari ya kunyanyulia mizigo ndani ya maghala. Katika magari ya barabarani kilishindwa, na sababu yake inachoma moyo. Ili injini zisigonge, makampuni ya mafuta yalikuwa yakichanganya petroli na risasi. Si ile ya bunduki, bali madini yenyewe. Risasi hiyo ilikifunika kichocheo na kukiua, nayo haikuchomeka kama kaboni. Houdry alifariki dunia tarehe 18 Julai 1962, kifaa chake kikiwa bado hakijafungwa katika magari ya watu wa kawaida.

Sheria ya mwaka 1970 ya kusafisha hewa ndiyo iliyolazimisha makampuni ya Marekani kukirudia, na magari ya mwaka 1975 yakatoka nacho, yakitumia petroli isiyo na risasi. Hapa tuseme kweli: wapenda mbio wa wakati ule walikuwa na haki ya kunung'unika. Gari la Chevrolet Corvette la mwaka 1974, lenye injini ya kawaida, lilikuwa na nguvu za farasi 195. La mwaka 1975 likawa na 165, na mabomba yake mawili ya moshi yakalazimishwa kupita katika kifaa kimoja kilichojaa chembe na kuibana injini pumzi. Kifaa hakikuwa sababu pekee, ila ndicho kilicholaumiwa, na misumeno ikaanza kazi.

Lakini masega ya leo si yale. Ni vijitundu vyembamba, mara nyingi 400 kwa kila inchi ya mraba, moshi ukipita kwa wepesi. Anayeyakata hupata nguvu kidogo na kelele nyingi, na kompyuta ya gari, inayopokea habari kutoka kwenye ekzosi, huwasha taa ya kosa. Fundi mwelewa wa magari ya mbio hafanyi hivyo. Hufunga masega yenye matundu 200, hupanua mabomba na kuzipatanisha njia za moshi zinazotoka katika silinda, kisha huirekebisha kompyuta. Madereva wetu nao wakumbuke mambo mawili. Injini inayokosa moto katika silinda moja humwaga petroli mbichi ndani ya masega na kuyayeyusha, kwa hiyo plagi mbovu isicheleweshwe. Na masega yaliyo baridi hayasafishi kitu mpaka yapate joto la nyuzi 250 au zaidi, kwa hiyo kuwepo kwake si ruhusa ya kuwasha gari katika gereji iliyofungwa.

Adui wa Houdry alichukua muda mrefu kuondoka. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Pampu za mwisho zilizowauzia wenye magari petroli hiyo zilikuwa Algeria, nazo zilikauka mwezi Julai 2021, miaka 59 baada ya kifo chake.