Lewis Fry Richardson na Hesabu ya Upepo

Miongoni mwa wataalamu waliojitahidi kuueleza mwendo wa hewa kwa namba, Lewis Fry Richardson ana nafasi ya pekee. Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 mjini Newcastle, Uingereza, katika familia ya dhehebu la Quaker, ambalo mafundisho yake hupinga vita.

Mnamo 1910, aliiwasilishia Royal Society njia ya kutatua milinganyo migumu: eneo hugawanywa katika viraba vidogo, kisha tofauti baina ya kiraba na jirani zake hukokotolewa kwa hesabu za kawaida. Njia hiyo aghalabu huacha kosa. Richardson alionyesha kwamba mtu akikokotoa mara mbili, kwa viraba vikubwa na kwa vidogo, anaweza kuyaoanisha majibu hayo hata sehemu kubwa ya kosa ikafutika.

Vita vilipopamba moto, dhamiri haikumruhusu kushika bunduki. Mwaka 1916 aliiacha kazi yake katika idara ya hali ya hewa, akaenda Ufaransa kuwabeba majeruhi kwa ambulensi. Huko ndiko alikokokotoa kwa mkono mabadiliko ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910. Muswada wake ulipotea vitani mwaka 1917, ukaja kupatikana Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe.

Jibu lenyewe lilikuwa la kusikitisha. Kanieneo ya hewa, kwa hesabu yake, ilipaswa kupanda kwa hektopaskali 145 katika muda wa saa sita, ilhali siku hiyo haikubadilika sana. Hata hivyo, hakulificha kosa hilo; alilichapisha kitabuni mwaka 1922. Baadaye ilibainika kwamba milinganyo yake ilikuwa sahihi, ila takwimu za mwanzo za upepo na kanieneo hazikuwiana.

Mwaka 1920 alijiuzulu tena, idara hiyo ilipowekwa chini ya wizara ya usafiri wa anga, iliyosimamia pia ndege za kivita. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilifaulu pale alipokwama, naye akiwa hai kuishuhudia habari hiyo. Alifariki tarehe 30 Septemba 1953 huko Kilmun, Scotland.

Leo hii, wanahisabati wanaobuni kanuni za kukokotoa mtiririko kwa usahihi mkubwa huku wakitumia viraba vichache jirani, wangali wanapambana na kosa lile lile. Laiti Richardson angalilificha la kwake, waliomfuata wasingalijua pa kuanzia.