Solomon Fuller: Msee wa Liberia Aliyesaidia Kufichua Alzheimer, Kisha Dunia Ikamsahau

Ukiskia Alzheimer, akili inaenda Ujerumani moja kwa moja. Ni sawa, ugonjwa ulipewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Lakini kwa maabara yake kulikuwa na msee mweusi kutoka Monrovia, na yeye ndiye aliwaeleza vizuri watu wa Kiingereza huo ugonjwa ni nini. Anaitwa Solomon Carter Fuller. Tulia tukupe stori yake.

Guka alijinunua

Fuller alizaliwa Liberia mwaka wa 1872. Guka yake alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani. Akatafuta pesa, akanunua uhuru wake, kisha akahamisha familia hadi Liberia. Budake Fuller alikuwa mkulima wa kahawa na afisa wa serikali, kwa hivyo kijana hakulelewa kwa shida.

Akiwa na miaka 17 alipanda meli akarudi kule guka alitoka, safari hii kupiga kitabu. Alimaliza chuo cha Livingstone, North Carolina, mwaka wa 1893. Mwaka wa 1897 akawa daktari kamili kutoka Chuo Kikuu cha Boston, kisha akaingia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kuchunguza ubongo. Alichapa kazi kama wenzake wazungu, lakini mshahara ulikuwa mdogo kuliko wao.

Munich, 1904

Fuller hakukaa kulia. Alihepa hadi Munich, ambapo Alzheimer alimchagua kati ya wanafunzi watano wa kigeni wa kufanya utafiti kwa maabara yake. Wakati huo mzee akichanganyikiwa, watu walisema ni uzee tu ama ni wazimu. Munich walikuwa na njia tofauti: kata ubongo vipande vyembamba, paka rangi, weka chini ya hadubini, uone nini kimeharibika.

Mwaka wa 1906, Fuller akiwa amesharudi Marekani, Alzheimer alisimama mbele ya madaktari akaeleza ubongo wa mama mmoja, Auguste Deter, aliyekufa akiwa na miaka 55 tu, kumbukumbu ikiwa imeisha. Ndani yake kulikuwa na mabaka nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli.

Mwaka uliofuata Fuller alichapisha utafiti wake kuhusu nyuzi za seli za ubongo, akilinganisha wazee waliochanganyikiwa, walevi sugu na wagonjwa wa kaswende. Mwaka wa 1912 ndio alitoa ile kubwa. Alikusanya visa vya Alzheimer vilivyokuwa vimeandikwa, vingi kwa Kijerumani, akaongeza mgonjwa wake mwenyewe, akaweka yote kwa Kiingereza. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo.

Tena hakumeza kila kitu. Wengi waliamini shida ni mishipa ya damu kuwa migumu. Fuller alipinga. Pia aliuliza kama mabaka na nyuzi peke yake zinatosha kusema mtu ana Alzheimer, maana alizipata pia kwa magonjwa mengine.

Kwani hizo mabaka ni nini?

Jibu lilikuja miaka ya 1980. Mabaka ni vipande vya protini inayoitwa amiloidi beta, vimegandamana. Zile nyuzi ni protini inaitwa tau. Kazi ya tau ni kushikilia reli zinazopitisha mizigo ndani ya seli. Ikibadilika, inaachilia reli, inajisokota, na seli inakwama.

Halafu kuna moto. Ubongo una walinzi wake, maikroglia, wanaozoa taka. Wakiona amiloidi wanakuja mbio. Shida ni taka haziishi, kwa hivyo walinzi wanabaki na hasira, wanamwaga kemikali, na seli nzima zinaumia. Cheki kanjo: wametumwa kuzoa taka, wakaishia kubomoa vibanda vya watu wasio na makosa. Huo ndio uvimbe wa ubongo ambao wanasayansi wanaufukuzia leo.

Na lile swali la Fuller bado liko hai. Kuna wazee wenye mabaka kibao kwa ubongo na akili zao ziko sawa kabisa.

Mapenzi, fitina na giza

Mwaka wa 1909 Fuller alimuoa Meta Warrick, mchongaji sanamu moto sana aliyesomea Paris. Walipotaka kujenga Framingham, majirani wazungu walitia sahihi barua ya kuwakataa. Wakajenga tu, wakalea vijana watatu.

Chuo Kikuu cha Boston ndicho kilimchoma roho. Aliongoza idara miaka kadhaa bila kupewa cheo, kisha mzungu mdogo wake kwa kazi akapandishwa kuwa profesa na mkuu. Fuller akatoka mwaka wa 1933. Baadaye kisukari kilimnyang'anya macho, lakini aliendelea kuona wagonjwa. Alikufa mwaka wa 1953, akiwa na miaka 80. Leo kuna kituo cha afya ya akili Boston chenye jina lake.

Mbona stori hii inakuhusu? Huku kwetu, Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Shosho akianza kupotea njia ya nyumbani, kuuliza swali moja mara kumi ama kuongea peke yake usiku, kuna watu wataanza kunong'ona. Wewe mpeleke hospitali. Mwafrika mwenzetu alishaonyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba kitu kama hicho hakitoki kwa mapepo. Ni ubongo mgonjwa, na unaonekana kwa hadubini.